Kihariri kinapochora skrini vibaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaotumia vihariri vya matini kwenye kompyuta ya mezani au mpakato: VS Code, Sublime Text, Notepad++, Vim, Emacs na vinavyofanana navyo. Yanahusu mistari inayojirudia, herufi zilizokatika, dirisha linalogeuka jeusi, maandishi yenye ukungu, na hitilafu nyingine za namna hiyo. Amri na majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye programu zenyewe ili usipate shida kuyatafuta.

Skrini imevurugika. Je, faili langu limeharibika?

Karibu kila mara, hapana. Matini yako yanakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Unachokiona kwenye kioo ni picha iliyochorwa kutokana na matini hayo, na picha ikikosewa, matini hayaguswi.

Hatari inatokana na utakachofanya baada ya kuona vurugu. Tuseme mstari wa 41 unaonekana mara mbili. Unaweka kishale kwenye ule wa pili na kuufuta, kumbe uliokuwa chini ya kishale ni mstari wa 42, ambao picha yake haikuchorwa. Hapo faili limeharibika kweli, na huenda usijue hadi kesho. Kwa hiyo picha usipoiamini, usihariri kwa kuifuata. Toa mikono kwenye kibodi kwanza.

Kama hukuandika kitu tangu vurugu ianze, hifadhi kama kawaida. Kama uliandika, hifadhi kwa jina jingine, kisha fungua nakala zote mbili kwenye programu tofauti uzilinganishe. Kuna hali moja tu ambapo hutakiwi kuhifadhi kabisa, nayo ni ile ya herufi kugeuka alama za ajabu, imeelezwa chini.

Nianzie wapi?

Anza kwa kupiga picha ya skrini, kabla hujagusa mipangilio yoyote. Kwenye Windows bonyeza Win+Shift+S, kwenye Mac Cmd+Shift+3, kwenye Linux mara nyingi ni kitufe cha Print Screen. Fungua picha hiyo, kisha buruta dirisha lake ulipeleke upande mwingine wa skrini. Sasa tazama ile kasoro. Ikihama pamoja na picha, basi ilichorwa na programu, draiva (programu inayoendesha kadi ya michoro) au mfumo endeshi. Picha ikiwa safi ilhali kioo bado kinaonyesha kasoro palepale, tatizo liko mbele zaidi: waya, kioo chenyewe, au hatua ya mwisho kabisa ya kadi ya michoro. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na linakuepusha na kubadilisha mipangilio ya kihariri kwa ajili ya waya uliolegea.

Kasoro ikiwa ndani ya picha, badilisha ukubwa wa dirisha la kihariri kidogo tu, kwa kuvuta ukingo. Kufanya hivyo hulazimisha programu ichore kila kitu upya. Vurugu ikifutika, basi kihariri kilisahau kuchora upya sehemu fulani. Ikirudi ileile mahali palepale, chanzo kiko kwenye faili, kwenye fonti, au kwenye picha za herufi zilizohifadhiwa na kadi ya michoro.

Hatua ya tatu ni kufungua kihariri kikiwa kitupu, bila viendelezi (extensions) na bila mipangilio yako:

- VS Code: `code --disable-extensions`
- Sublime Text: `subl --safe-mode`
- Notepad++: `notepad++ -noPlugin`
- Vim: `vim --clean`
- Emacs: `emacs -Q`

Tatizo likitoweka hapa, usiilaumu draiva. Rudisha viendelezi nusu kwa nusu hadi umpate mhusika. Viendelezi vinavyopaka rangi mabano, kuonyesha ramani ndogo ya faili au kuchomeka maelezo katikati ya mistari ndivyo vya kushuku kwanza, kwa sababu vinachora juu ya kile ambacho kihariri kimeshachora.

Nikishusha ukurasa, vipande vya mistari ya zamani vinabaki. Kwa nini?

Kihariri hakichori dirisha zima kila unapobonyeza kitufe. Kingefanya hivyo kingechelewa: kioo cha 60 Hz hutaka picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7, na kupanga maelfu ya herufi ndani ya muda huo si kazi ndogo. Kwa hiyo vihariri vingi hujiwekea alama kuonyesha sehemu zipi zimebadilika, na huchora hizo tu. Unaposhusha ukurasa, mara nyingi picha iliyopo husogezwa juu ilivyo, kisha ule ukanda mtupu uliobaki chini ndio unaochorwa.

Njia hii ni nzuri mradi hesabu ziwe sawa. Ukichungulia kwa karibu, mabaki mengi huwa ni ukanda wa pikseli moja au mbili: mkia wa herufi *g* au *y* ya mstari uliopita umebaki ukining'inia juu ya mstari mpya. Hapo picha ilisogezwa kwa pikseli pungufu ya ilivyotakiwa.

Sababu ninayoishuku kuliko zote ni ukuzaji wa skrini (scaling) usio namba kamili. Chukua mstari wenye kimo cha pikseli 19 kwenye skrini iliyokuzwa hadi 125%. Kimo halisi kinakuwa 23.75, na hakuna robo tatu ya pikseli. Mstari mmoja utapewa 24, mwingine 23, na sehemu mbili za programu zikikadiria tofauti, mabaki yanazaliwa. Weka kimo cha 20 badala ya 19. Sasa 125% inatoa 25 kamili, 150% inatoa 30, na 175% inatoa 35. Kwenye VS Code andika `"editor.lineHeight": 20`. Badiliko hilo dogo limenitatulia matatizo ambayo wengine hukimbilia kubadilisha draiva.

Ukitaka kufuta vurugu kwa sasa tu ili uendelee na kazi: kwenye Vim bonyeza Ctrl+L, kwenye Emacs andika `M-x redraw-display`, kwenye VS Code fungua orodha ya amri (Command Palette) uchague `Developer: Reload Window`.

Wengi husema nizime uchoraji wa kadi ya michoro. Nizime vipi, na je, ni sawa?

Ni jaribio zuri sana, ila kama dawa ya kudumu lina gharama yake.

Kwenye VS Code, anza kwa `code --disable-gpu` kutoka kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Funga madirisha yote ya VS Code kabla ya hapo, la sivyo amri itafungua dirisha jipya ndani ya programu ileile iliyokwisha kuanza, na hutakuwa umejaribu chochote. Watu wengi hukwama hapa wakidhani njia hii haikufaa. Ikisaidia, tafuta `Preferences: Configure Runtime Arguments` kwenye orodha ya amri, na katika faili la `argv.json` linalofunguka ongeza `"disable-hardware-acceleration": true`. Kama kinachovurugika ni ile terminali ya ndani tu, usizime kila kitu, weka `"terminal.integrated.gpuAcceleration": "off"` kwenye mipangilio.

Sublime Text ilianza kuchora kwa kadi ya michoro katika toleo la 4, lililotoka 2021. Mpangilio wake ni `"hardware_acceleration"`, na thamani zake ni `"opengl"` au `"none"`. Notepad++ ina chaguo la DirectWrite kwenye mapendeleo yake, sehemu ya MISC; ulibadilishe kisha ufungue programu upya. GVim kwenye Windows hutumia DirectX ukiwa umeandika `set renderoptions=type:directx`; ufute mstari huo uone.

Emacs kwenye X11, ule mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye Linux, ina jambo lake la pekee. Tangu toleo la 26 huchora kwanza picha nzima pembeni kisha ndipo huionyesha, na kwa baadhi ya draiva makabidhiano hayo hukwama, ukabaki unaona skrini ya sekunde iliyopita. Mstari huu unazima utaratibu huo:

`(modify-all-frames-parameters '((inhibit-double-buffering . t)))`

Kwenye Linux unaweza kulazimisha programu moja ichore bila kadi ya michoro kwa kuitanguliza `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1`, endapo inatumia OpenGL.

Gharama ni kwamba kichakataji kikuu (CPU) kinabeba mzigo wote. Kwenye kioo kikubwa cha 4K utauona uzito huo unaposhusha ukurasa, na betri ya mpakato itaisha mapema. Ndiyo maana napenda watu wazime, wathibitishe kwamba chanzo ni hicho, kisha wasasishe draiva na kuwasha tena waone. Mpangilio uliozimwa miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya draiva ya wakati huo mara nyingi hauna kazi tena leo.

Kompyuta ikiamka kutoka usingizini, herufi zinakuwa madoa. Nikifungua upya kihariri zinarudi. Shida ni nini?

Kihariri kinachotumia kadi ya michoro hakichori herufi *a* kila inapotokea. Huichora mara moja, huiweka kwenye karatasi moja kubwa ya picha ndani ya kumbukumbu ya kadi, pamoja na herufi nyingine zote zilizokwisha kutumika, kisha hunakili kutoka hapo. Kompyuta inapolala, kumbukumbu ya kadi inaweza kukatiwa umeme. Ikiamka, karatasi ile imejaa takataka, lakini programu haijui. Inaendelea kunakili kutoka sehemu zilezile kama kawaida.

Utaitambua hali hii kwa dalili moja: herufi moja huharibika vilevile kila mahali. Kila *m* ni doa lilelile, huku *k* zote zikiwa salama. Herufi ambayo hujawahi kuitumia kwenye dirisha hilo itatoka safi, kwa sababu ndiyo kwanza inachorwa. Kubadilisha saizi ya fonti kwa Ctrl na alama ya kujumlisha mara nyingi husafisha yote, maana herufi za saizi mpya huchorwa upya.

Kwa wenye kadi za NVIDIA kwenye Linux, draiva ina chaguo la kuhifadhi kumbukumbu hiyo wakati wa kulala: `NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1`, likiambatana na huduma za systemd za NVIDIA za kulala na kuamka. Kwenye Windows, jaribu Win+Ctrl+Shift+B. Skrini itazima kidogo, utasikia mlio, na draiva ya michoro itakuwa imeanza upya bila kufunga programu zako.

Dirisha zima ni jeusi au jeupe, ila menyu zinafanya kazi.

Hii hutokea zaidi kwenye vihariri vilivyojengwa juu ya Electron, VS Code ikiwemo. Ndani yao kuna kivinjari cha Chromium, na uchoraji hufanywa na mchakato wa pembeni unaozungumza na kadi ya michoro. Mchakato huo ukifa, dirisha linabaki tupu ilhali programu i hai. Endesha `code --status`. Katika majibu yake kuna sehemu inayoeleza hali ya GPU, yaani kadi ya michoro.

Kama unafanya kazi ndani ya kompyuta pepe au kupitia kompyuta ya mbali, zima uchoraji wa kadi ya michoro moja kwa moja, usisite. Kadi ya michoro iliyopo hapo ni ya kuigiza, na hutapata faida yoyote kwa kuisumbua. Kwenye VirtualBox kisanduku cha 3D kiko kwenye mipangilio ya Display.

Ukiwa umeshajaribu hayo na weusi upo palepale, funga kihariri kabisa, kisha ufute folda iitwayo `GPUCache` ndani ya data za programu: `%APPDATA%\Code` kwenye Windows, `~/.config/Code` kwenye Linux, `~/Library/Application Support/Code` kwenye Mac. Ni akiba ya michoro tu, itatengenezwa upya. Usifute folda nyingine za hapo. Mojawapo ndiyo inayohifadhi nakala za mafaili ambayo hujayahifadhi.

Je, nikifuta kihariri na kukisakinisha upya?

Mara nyingi hutapata nafuu. Mipangilio, viendelezi na akiba hubaki kwenye folda ya mtumiaji, kwa hiyo programu mpya inarithi ugonjwa uleule. Kufungua kihariri kikiwa kitupu, kama ilivyoelezwa juu, hukupa jibu hilohilo bila hasara.

Maandishi yana ukungu kwenye skrini ya pili, ila ya kwanza ni safi.

Skrini zako mbili zina ukuzaji tofauti, mathalani moja 100% na nyingine 150%. Programu isiyojua kwamba imehamishwa huchorwa kwa kipimo cha skrini ya kwanza, kisha mfumo endeshi huivuta picha yake kama ilivyo. Herufi zikivutwa hivyo, kingo zake hulainika.

Kwenye Windows, bofya faili la programu kwa kitufe cha kulia, nenda `Properties`, kisha `Compatibility`, kisha `Change high DPI settings`. Jaribu `Application` kwanza. Kihariri cha zamani kikikataa, jaribu `System (Enhanced)`, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2017.

Kwenye Linux, uliza kwanza `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Jibu likiwa `wayland`, yaani ule mfumo mpya wa madirisha uliochukua nafasi ya X11, huenda kihariri chako kinapitia XWayland, ambayo ni daraja la programu za X11, na daraja hilo likikutana na ukuzaji wa 125% au 150% hutoa ukungu. Amri ya `xlsclients` itakutajia programu zinazopita huko. Kwa VS Code jaribu `code --ozone-platform=wayland`. Kwa Emacs, tumia toleo la 29 au jipya zaidi lililojengwa kwa `--with-pgtk`.

Watumiaji wa Mac wenye kioo cha kawaida kisicho cha Retina: Apple iliacha kulainisha herufi kwa mtindo wa zamani kuanzia Mojave, mwaka 2018. Herufi kuonekana nyembamba au hafifu kwenye kioo kama hicho si hitilafu ya kihariri chako. Fonti nzito kidogo husaidia kuliko mpangilio wowote.

Natumia Vim ndani ya terminali na skrini inachanganyikana. Hapo nani wa kulaumiwa?

Hapa wachoraji ni wawili, wakati mwingine watatu: Vim, terminali, na pengine tmux (programu ya kugawa terminali moja kuwa nyingi) katikati. Vim hutuma amri za kusogeza kishale na kuandika, na inaamini kwamba terminali imezielewa. Imani hiyo inategemea thamani ya `TERM`, yaani jina la aina ya terminali. Andika `echo $TERM`. Ndani ya tmux inatakiwa iwe `tmux-256color` au `screen-256color`. Ukikuta `xterm-256color` ndani ya tmux, kuna mstari kwenye `.bashrc` au `.zshrc` unaolazimisha thamani hiyo. Ufute. Kuandika `TERM` kwa mkono kwenye faili la mipangilio ni ushauri uliosambaa sana, na umeleta matatizo mengi kuliko ulioyaponya.

Kama rangi ya nyuma inakatika, yaani imepakwa penye maandishi tu na sehemu tupu imebaki na rangi ya terminali, jaribu `:set t_ut=` ndani ya Vim.

Kama nusu ya chini ya dirisha haitumiki au mistari inajikunja katikati, angalia `stty size`. Namba mbili utakazopata ni mistari na safu ambazo mfumo unadhani dirisha lako linazo. Kwenye kontena na miunganisho ya waya wa serial, namba hizo mara nyingi si za kweli. Zisahihishe kwa mkono, kwa mfano `stty rows 50 cols 160`.

Na kuna sababu nyingine nyepesi ambayo husahaulika: kazi uliyoianzisha kwa alama ya `&` inaandika ujumbe wake juu ya kihariri. Vim haina habari na maandishi hayo. Ctrl+L itasafisha, lakini yatarudi hadi uelekeze ujumbe wa kazi hiyo kwenye faili. Ukishatoka kwenye kihariri na terminali bado ni vurugu tupu, andika `reset` na ubonyeze Enter, hata kama huoni unachoandika.

Badala ya herufi naona vijisanduku, au alama kama "â€™".

Hayo ni matatizo mawili tofauti, na yanatibiwa tofauti.

Kijisanduku kitupu maana yake matini ni sahihi ila fonti haina umbo la herufi hiyo. Ongeza fonti yenye upana zaidi, kama zile za familia ya Noto, kisha uitaje kama fonti ya akiba. Faili halina tatizo.

Alama za ajabu maana yake baiti zimesomwa kwa usimbaji (encoding, kanuni ya kugeuza baiti kuwa herufi) usio wake. Mfano: neno *ng’ombe* likiandikwa kwa ile alama iliyopinda, alama hiyo kwenye UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99. Kihariri kikizisoma kama Windows-1252, kila baiti inakuwa herufi yake, na unapata *ngâ€™ombe*. Bado hakuna kilichoharibika kwenye diski. Ila ukihifadhi sasa kama UTF-8, zile herufi tatu zisizo na maana zitaandikwa kweli, na kurudi nyuma itakuwa kazi. Hii ndiyo ile hali niliyosema usihifadhi.

Kwenye VS Code bofya jina la usimbaji chini kulia, uchague `Reopen with Encoding`. Kwenye Vim andika `:e ++enc=utf-8`. Kwenye Emacs ni `C-x RET r`. Kwenye Notepad++ uwe mwangalifu na menyu ya `Encoding`: kuchagua jina la usimbaji husoma upya baiti zilezile, lakini yale machaguo yanayoanza na `Convert to` hubadilisha baiti zenyewe.

Kishale kinakaa pembeni ya herufi ninayoihariri.

Kwanza hakikisha fonti ni ya upana sawa kwa herufi zote. Kisha angalia kama herufi nzito zina upana tofauti na za kawaida. Baadhi ya fonti huwa hivyo, na kishale hupotea kwenye mistari yenye maneno mazito tu. Emoji nazo husumbua kwenye terminali, kwa sababu kihariri kinaweza kuihesabu emoji kuwa safu mbili na terminali ikaihesabu moja. Kuanzia hapo hadi mwisho wa mstari kila kitu kimehama hatua moja.

Ikiwa ni mstari mmoja tu, shuku herufi isiyoonekana. Weka kishale hapo: `ga` kwenye Vim na `C-u C-x =` kwenye Emacs zitakuambia ni herufi gani. Zipo alama za Unicode zinazogeuza mwelekeo wa maandishi, kama U+202E, na hizo zinaweza kufanya mstari wa programu usomeke tofauti kabisa na unavyotekelezwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha jinsi zinavyoweza kutumiwa kuficha hila ndani ya msimbo. Ukikuta alama hizo kwenye msimbo ulioupokea, usichukulie kuwa ni suala la uchoraji. Chunguza ulitoka wapi.

Faili moja tu hugandisha kihariri, au rangi za msimbo hukatika njiani.

Tazama urefu wa mistari, siyo ukubwa wa faili. JSON iliyobanwa ya megabaiti chache inaweza kuwa mstari mmoja tu, na vihariri vingi vimejengwa kwa kudhani mistari ni mifupi.

Mara nyingi unachokiona ni kinga, si hitilafu. VS Code huacha kuchora mstari baada ya herufi 10,000, kulingana na `editor.stopRenderingLineAfter`. Vim haipaki rangi kupita safu ya 3,000, na ikitumia zaidi ya milisekunde 2,000 kuchora, huzima rangi zote za faili hilo na kukuambia kwamba `redrawtime` imepitwa. Emacs ina `so-long` tangu toleo la 27. Kama rangi za Vim zimekosewa tu baada ya kuruka mbali ndani ya faili, andika `:syntax sync fromstart`.

Badala ya kupandisha viwango hivyo, panga faili upya liwe na mistari ya kawaida, ulisome hivyo.

Kioo kinapepesa kila kishale kinapometameta.

Kama kioo chako kina kasi ya kuburudisha inayobadilika (variable refresh rate), kizime kipengele hicho kwa jaribio. Kihariri kilichotulia huchora mara chache sana, kioo kinashuka kasi kisha kinapanda, na mwanga wake unabadilika kidogo kila mara. Kwenye mpakato wenye michoro ya Intel na Linux, jaribu pia kuwasha kompyuta kwa `i915.enable_psr=0`.

Nisasishe draiva au nirudi kwenye ya zamani?

Inategemea tatizo lilianza lini. Likianza baada ya sasisho, rudi nyuma. Windows ina kitufe cha `Roll Back Driver` ndani ya Device Manager. Likiwepo siku zote, sasisha, na uchukue draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta yako. Programu zinazojinadi kukutafutia draiva zote usiziguse.

Hakuna kilichosaidia. Nikiripoti hitilafu, niandike nini?

Watengenezaji wa vihariri hawana kompyuta yako, na hitilafu za kuchora ni ngumu kuzirudia kwenye mashine nyingine. Kwa hiyo wape toleo la kihariri, mfumo endeshi na toleo lake, kadi ya michoro na namba ya draiva, idadi ya skrini, na ukuzaji wa kila moja. Kwenye Linux taja kama ni Wayland au X11, pamoja na matokeo ya `glxinfo -B`. Ukuzaji ndio unaosahaulika zaidi, na mara nyingi ndio ufunguo.

Ambatanisha picha ya skrini. Kama kasoro haionekani kwenye picha hiyo, ongeza picha ya simu na useme wazi kwamba picha ya skrini ilitoka safi. Eleza kama tatizo hubaki kihariri kikiwa kitupu, na kama hubaki uchoraji wa kadi ukizimwa. Kisha toa faili dogo kabisa linalolileta tatizo. Kama faili lako ni la siri, badilisha kila herufi iwe *x* uone kama kasoro inabaki; ikibaki, tuma hilo. Ikipotea, rudisha herufi za kweli mstari kwa mstari, maana mojawapo ya herufi hizo ndiyo chanzo.